Mumiani Ana Sura ya Nani?

Kama ulilelewa na nyanya wa Pwani, au hata na jirani tu aliyetoka huko, jina la mumiani ulilisikia kabla hujajua kusoma. Usitembee usiku, mumiani atakubeba. Usikubali lifti ya mtu usiyemjua. Ukiona gari limesimama gizani na taa zimezimwa, kimbia.

Sasa mlinganishe na yule wa sinema. Dracula, aliyeandikwa na Bram Stoker mwaka 1897, ni bwana mwenye ngome, ana meno marefu na anakunywa damu kwa sababu ana kiu. Mumiani hana kiu yoyote. Ana sindano, ana ndoo, na ana bosi. Damu anayoitoa haimwingii tumboni. Anaipeleka mahali fulani, inauzwa, na yeye anapewa chake mwisho wa mwezi. Kwa lugha ya mtaa, mumiani yuko job tu.

Hadithi hiyo si ya kweli. Hakuna stesheni iliyowahi kupatikana yenye mapipa ya damu ya watu. Lakini wazee wengi wenye akili timamu waliisimulia kwa uzito, na wajukuu wao bado wanaitumia kila wanapomwita mtu mnyonya damu. Ndiyo maana nauliza: tukisema kuna watu wananyonya damu yetu, tunasema ukweli ambao hauna njia nyingine ya kusemwa, au tunaandaa kifo cha mtu asiye na hatia? Naona tunafanya yote mawili, mara nyingi kwa sentensi moja. Kazi ni kuyatenganisha.

Tuanze na neno lenyewe. Mumiani lina asili ya Kiajemi, na mwanzoni lilikuwa jina la dawa: kitu cheusi kama lami, alichotumia mtu aliyevunjika mfupa au mwenye homa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba watu wengi wanaamini imetengenezwa kwa damu iliyoganda ya watu waliouawa. Ebu ona safari ya neno hilo. Lilikuwa dawa, dawa ikawa damu, na damu ikahitaji mtu wa kuikusanya.

Lilipofika bara likakuta ndugu zake. Magharibi mwa Kenya walisema kachinja. Tanganyika, chinjachinja. Katika nchi inayoitwa Zambia leo, banyama. Katanga, batumbula. Na Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto. Ndiyo, wale wale wa gari jekundu.

Mwanahistoria Luise White alikuja Nairobi miaka ya 1970 kutafiti maisha ya wanawake wa mjini waliouza mapenzi na kujenga nyumba za kupangisha enzi za ukoloni. Wanawake wazee waliomweleza habari za wateja na kodi walimweleza pia, kwa sauti ile ile, jinsi wazimamoto walivyokamata watu usiku na kuwatoa damu. Baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu hadithi hizo, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Anachotufundisha ni kwamba ukiuliza tu kama hadithi ni ya kweli, ukajibiwa hapana, ukafunga daftari, umetupa ushahidi. Uliza pia inazungumzia nini.

Inazungumzia nini basi? Serikali ya kikoloni ilichukua ardhi. Ilitoza kodi ya kibanda, ikakulazimisha kwenda kumfanyia mzungu kazi ili uipate hiyo kodi. Watu wake wa afya walipita vijijini wakichoma sindano na kutoa damu, na mara nyingi hawakujisumbua kueleza inaenda wapi. Wazimamoto nao walikuwa na sare, kengele, gari la rangi ya damu na stesheni usiyoruhusiwa kuingia, na wewe mwenyewe moto waliouzima hujauona. Jumlisha hayo yote. Mwili wangu unaisha, mtu mwingine ananenepa, na kuna watu wameajiriwa kuhamisha kitu kutoka kwangu kwenda kwake. Kama maelezo ya uchumi wa ukoloni, hayo si mabaya hata kidogo. Mimi niliacha chuo kabla ya kufika kwenye somo hilo, lakini nyanya za Nairobi walikuwa wanalifundisha bure.

Na si sisi pekee. Kwenye milima ya Andes, huko Peru, kuna pishtaco, mgeni anayeua wenyeji ili kuchukua mafuta ya miili yao. Zamani watu walisema mafuta hayo yalitengeneza kengele za kanisa, baadaye wakasema yanalainisha mashine. Kila zama humpa pishtaco mwajiri mpya. Ulaya nako, Voltaire aliandika katika karne ya 18 kwamba wanyonya damu halisi ni wafanyabiashara na madalali, ambao wako hai na wanafanya kazi yao mchana. Karne iliyofuata Karl Marx aliufananisha mtaji na mnyonya damu anayeishi kwa jasho la walio hai. Msomi wa London na mama wa Pumwani walifika mahali pamoja kwa njia tofauti.

Hadi hapo naitetea hadithi. Shida inaanza pale inapotafuta sura.

Lawama kubwa inahitaji mtu wa kubebeshwa. Gavana yuko mbali, ana walinzi. Kampuni haina shingo. Lakini dereva wa gari jekundu anapita hapa kila siku. Katika simulizi alizokusanya White, mzungu mwenyewe huonekana kwa nadra. Anayekurukia gizani ni Mwafrika mwenzako aliyevaa sare. Hadithi ilijua kwamba kuna bosi, lakini mkono wake ulifika kwa mfanyakazi tu.

Mkono huo ukishika fimbo, mambo hubadilika. Mwishoni mwa 2002, Malawi ikiwa kwenye njaa, ulizuka uvumi kwamba serikali inabadilisha damu ya wananchi kwa chakula cha msaada. Fikiria jinsi uvumi huo ulivyosukwa vizuri: watu wana njaa, chakula kinatoka nje, na hakuna anayeeleza kimelipiwa nini. Rais Bakili Muluzi alilazimika kujitokeza hadharani kukana kwamba serikali yake inanyonya damu. Uvumi ulirudi mwaka 2017 kusini mwa nchi, maeneo ya Mulanje na Phalombe. Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake huko, na serikali ikapiga marufuku kutembea usiku. Umati ukaanza kuua. Mmoja wa waliouawa, karibu na Blantyre, alikuwa kijana wa miaka 22 mwenye kifafa. Alichomwa moto.

Soma tena sentensi hiyo ya kifafa. Kwenye uvumi kulikuwa na serikali, mashirika ya misaada na biashara ya kimataifa. Kwenye barabara alipatikana kijana mgonjwa. Umbali kati ya hao wawili ndio uovu wote ninaouzungumzia.

Usiseme hayo ni ya Malawi. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi. Jina la tuhuma ni tofauti lakini hesabu ni ile ile. Kuna jambo baya limetokea, lazima kuna aliyelifanya, na mama huyu mzee anaishi karibu na hana wa kumtetea.

Kuna gharama ya pili ambayo huwa hatuioni. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo, Serbia, watu tisa walikufa ndani ya siku nane baada ya kifo cha jirani yao Petar Blagojević. Wanakijiji wakasema marehemu anarudi usiku kuwakaba, wakatishia kuhama wote. Afisa wa utawala wa Austria akaenda kushuhudia kaburi likifunguliwa. Maiti ilionekana bado mbichi, na mdomoni kulikuwa na damu. Leo tunajua kwamba hewa ya uozo husukuma majimaji ya rangi ya damu hadi mdomoni, na ngozi ikisinyaa kucha huonekana kama zimeota. Wao hawakujua. Wakampiga kigingi kifuani na kumchoma moto.

Waserbia hao angalau walimchoma mtu aliyekwisha kufa, maiti haisikii maumivu. Lakini kilichowaua wale tisa hakikuguswa.

Kisa cha Marekani kinaonyesha hili vizuri zaidi. Mwaka 1892, mjini Exeter, jimbo la Rhode Island, familia ya Brown ilikuwa inakwisha kwa kifua kikuu. Mama alikufa, kisha binti, kisha binti mwingine, Mercy, wa miaka 19. Kaka yao Edwin naye akawa anadhoofika. Majirani wakashikilia kwamba mmoja wa marehemu anamfyonza kutoka kaburini. Walipofukua, mwili wa Mercy ulikuwa haujaoza, na hapo kumbuka alikuwa amekufa majira ya baridi kali. Wakauchoma moyo wake, wakachanganya majivu na maji, Edwin akanywa. Baada ya kama miezi miwili naye akafa. Robert Koch alikuwa ametangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, miaka kumi nzima kabla. Jibu lilikuwepo duniani. Kijijini walikuwa wameshapata mhalifu, kwa hiyo hawakuwa na haja ya jibu.

Sasa jiulize nani anafaidi tukikosea sura. Edward Lansdale, afisa wa ujasusi wa Marekani aliyekuwa Ufilipino miaka ya 1950, ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake jinsi walivyowatisha waasi wa Huk. Wenyeji walimwogopa aswang, kiumbe anayenyonya damu. Kwanza kikosi chake kilieneza uvumi kwamba aswang anaishi kwenye kilima walikojificha waasi. Halafu usiku askari wakamnyakua mtu wa mwisho kwenye msafara wa waasi, wakamtoboa shingo matundu mawili, wakamning'iniza kichwa chini hadi damu ikaisha, kisha wakaurudisha mwili njiani. Kwa maelezo yake, waasi walihama. Yaani dola ilimtoa mtu damu kweli, halafu jini likabebeshwa lawama.

Mwenye nguvu haogopi hadithi ya mnyonya damu. Akiweza ataitumia, na mradi umati unamwangalia kijana mwenye kifafa, hakuna anayemwangalia yeye.

Utaniambia tuachane na damu halisi, tubaki na tamathali. Si Voltaire alifanya hivyo? Si sisi Waswahili tuna neno unyonyaji, na kila mtu anajua ni lugha ya picha? Kweli. Azimio la Arusha la 1967 lililifanya neno hilo kuwa la dola, likasema wazi kwamba katika nchi ya ujamaa mtu hamnyonyi mwenzake. Lilikuwa azimio zuri, na lilitaja mfumo. Lakini mitaani neno lilipata sura mapema sana: kupe, mwenye mirija, na mara nyingi sura hiyo ilikuwa ya Mhindi mwenye duka. Uganda ilienda mbali zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwatuhumu Waasia kwamba wanaikamua nchi, akawapa siku 90 waondoke. Maduka yaligawiwa kwa marafiki wa utawala, uchumi ukaanguka, na unyonyaji ukaendelea chini ya wenyeji wapya. Tamathali nayo ina miguu. Ukiiacha bila mlinzi, inatembea hadi mlangoni kwa mtu.

Nimeona jambo hili kwa kipimo kidogo. Wakati fulani tulikuwa waandishi vijana kadhaa tukiandikia kampuni moja ya matangazo kwa malipo ya kila makala. Miezi mitatu hatukulipwa. Kwenye grupu letu la WhatsApp maneno yalikuwa yale yale: wanyonyaji, wanatufyonza, wanakula jasho letu. Yote sawa kabisa. Lakini wakurugenzi hatukuwahi kuwaona. Uso pekee tulioujua ni wa dada wa mapokezi aliyekuwa akisema "jaribuni wiki ijayo", na namba pekee tuliyokuwa nayo ni yake. Jumbe za matusi zilimwagika huko, usiku na mchana, hadi akabadilisha laini. Wiki chache baadaye tukajua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anadai miezi mitano.

Kwa hiyo tufanye nini, tunyamaze hadi tupate ushahidi? Hapa ndipo pagumu. Ushahidi uko kabatini kwa mwenye nguvu, na ufunguo anao yeye. Ukimwambia maskini asiseme kitu hadi alete risiti, umemziba mdomo kwa adabu. Kuna methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni hatari ukiwa na kiberiti mkononi, lakini ina hekima yake: watu hawasemi bure.

Mtafiti Wenzel Geissler aliandika mwaka 2005 kuhusu kijiji kimoja magharibi mwa Kenya ambapo mradi wa utafiti wa afya ulikuwa ukichukua damu ya watoto, na watu wakaanza kusema kachinja wamefika. Jibu rahisi ni kwamba wanakijiji hawaelewi sayansi. Jibu la haki linaanza na swali lao wenyewe: mnachukua damu ya mtoto wangu, inaenda wapi, na itamrudishia nini? Hilo ni swali ambalo kamati yoyote ya maadili inapaswa kuliuliza. Kachinja ni namna swali hilo linavyosikika pale ambapo hakuna aliyekaa chini kulijibu.

Kwa maoni yangu, mzigo wa kuthibitisha haupaswi kulala mahali pamoja kwa kila mtu. Mwenye ofisi, bajeti na walinzi akituhumiwa, yeye ndiye afungue vitabu, na sisi tuna haki ya kuuliza hata bila risiti. Asiye na kitu akituhumiwa, anayemtuhumu ndiye athibitishe, na hadi hapo asiguswe. Yaani kadiri mtu alivyo karibu na mkono wako na rahisi kumpiga, ndivyo unavyopaswa kumtilia shaka huyo shahidi anayekuambia ndiye. Umati hufanya kinyume kabisa. Mkubwa anadaiwa ushahidi, mdogo anadaiwa roho.

Na inawezekana kufanya hivyo, tumeshaona. Mwaka 2024, kabla ya Mswada wa Fedha kufika mwisho, vijana wa nchi hii walikaa na kuusoma kifungu kwa kifungu. Wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwenye video fupi mkate utapanda kwa nini na pesa zitaenda wapi. Hakukuwa na haja ya kubuni stesheni yenye mapipa. Njia ya damu ilikuwa imeandikwa, na ukurasa ukatajwa. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya majuma hayo, na mswada ukaondolewa. Siku hizo hizo maduka ya watu wasiohusika na kodi yoyote yalivunjwa, kwa sababu yalikuwa karibu. Mambo hayo mawili yalitokea katika mji mmoja, kwa hasira moja. Nani atashinda mara ijayo inategemea tunachojifunza kuyahusu.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Watu wengi huitumia methali hiyo kumnyooshea jirani kidole. Lakini anayetafuta kupe nguoni huivua nguo kwanza, akaipeleka kwenye mwanga, akapekua mshono hadi mshono. Haichomi moto nguo ya mtu aliyekaa karibu naye.